Ajira za muda za TASAF: nani anaitwa, analipwa ngapi

Kijana wa Ngara au Biharamulo aliyekaa miaka bila kazi, akisikia kijijini kuna ajira za muda, hukimbilia kwa mtendaji kuandikisha jina. Anaweza kurudi mikono mitupu. Kazi hizi si za kila asiye na ajira. Ni za kaya maskini zilizoandikishwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Kaya hutajwa kwanza kwenye mkutano wa kijiji, halafu hali yake hupimwa kwa dodoso. Kama kaya yako haimo, hata uwe na nguvu vipi, huitwi.

Kaya inatoa mtu mzima mmoja. Akiugua, mwenzake wa kaya hiyohiyo anashika jembe.

Kipindi cha pili cha mpango kilizinduliwa Februari 2020, na ujira ukapanda kutoka sh 2,300 hadi sh 3,000 kwa siku. Katika kipindi hicho siku za kazi zilikuwa 60 kwa mwaka, yaani sh 180,000. Hela hiyo haimalizi mwaka, tuseme ukweli, ila inanunua unga na madaftari miezi ambayo ghala ni tupu.

Wanachimba malambo, wanapanda miti, wanalima barabara za kijiji. Kwenye milima ya Ngara barabara ikikatika kwa mvua, ndizi zinaozea shambani.

Siku isiyoandikwa kwenye daftari la mahudhurio hailipwi, kwa hiyo mlengwa ahakikishe ameandikwa kabla hajaondoka.