Santuri za Bluzi na Sikio la Msikilizaji

Liko swali ambalo wapenzi wa muziki hulibishania pasipo kufika kikomo. Je, chombo kizuri cha kupigia santuri huongeza raha ya wimbo, au raha imo katika wimbo wenyewe, na chombo ni mtumishi tu? Wako wanenao kwamba asiye na chombo bora hajausikia muziki bado. Wako pia wanaojibu kuwa mwenye sikio hahitaji chombo cha thamani. Katika insha hii nataka kulipima swali hilo kwa historia ya bluzi, muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani. Nimeuchagua muziki huu kwa sababu umependwa mno, na umependwa kwa santuri ambazo nyingi zilikuwa mbovu.

Mwezi wa Agosti 1920 Mamie Smith aliimba bluzi katika mji wa New York, na santuri yake iliponunuliwa kwa wingi makampuni yakatambua kuwa watu weusi ni soko. Wakati ule hapakuwa na mikrofoni. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yake ndiyo iliyotikisa sindano na kuchora mfuo katika nta. Ngoma kubwa iliogopwa kwa kuwa iliweza kuirusha sindano, na mnong'ono haukuacha alama yoyote. Kwa hiyo chombo kilipendelea wenye vifua vipana, waimbaji wa majukwaa kama Bessie Smith, aliyeanza kuuza santuri mwaka 1923.

Mwaka 1925 makampuni makubwa yalianza kutumia umeme na mikrofoni. Tangu hapo mtu mpole aliweza kuimba kama aongeavyo na jirani yake, na bado akasikiwa mbali. Mwaka 1928 Leroy Carr aliimba kwa sauti ya chini, mwenyewe akipiga piano na Scrapper Blackwell akimfuatia kwa gitaa, na wimbo wake wa “How Long, How Long Blues” ukaenea sana. Uimbaji wa namna hiyo usingalifaa mbele ya pembe. Basi tuanze kwa kukiri jambo moja: chombo cha kunasia sauti hakikuongeza raha tu, bali kilichagua raha ipi iwezekane.

Lakini si kila kampuni iliyokitunza chombo. Kampuni ya viti ya Wisconsin, yaani Wisconsin Chair Company, ilikuwa ikitengeneza makabati ya gramafoni. Ikaona kuwa anunuaye gramafoni atataka santuri, ikaanza kuzitengeneza kwa jina la Paramount, na mwaka 1922 ikaanzisha mfululizo kwa ajili ya wanunuzi weusi. Sahani zake zilichanganywa kwa lakiri na vitu duni, hata nyingine zilivuma zikiwa mpya. Ni ajabu ya historia kwamba kampuni hiyo hiyo, ambayo muziki haukuwa kazi yake ya asili, ndiyo iliyozihifadhi sauti za Charley Patton mwaka 1929, Son House mwaka 1930 na Skip James mwaka 1931. Mwaka 1932 iliacha kunasa sauti. Mihuri ya chuma ya nyimbo nyingi ilipotea, na kilichobaki ni sahani zilizochakaa katika nyumba za watu. Kwa hiyo asikilizaye Patton leo husikia vitu vitatu kwa pamoja: sauti ya mtu, uhafifu wa kiwanda, na uchakavu wa miaka.

Wanunuzi wa kwanza walikuwaje? Wengi wao walikuwa wakulima wa pamba katika nyumba zisizo na umeme, na gramafoni zao zilizungushwa kwa mkono. Santuri ya senti 75 haikuwa kitu chepesi kwa mtu wa namna hiyo, wala hakuinunua kwa kupenda mvumo wake. Aliinunua kwa kuwa maneno yake yalikuwa mambo yake mwenyewe: mafuriko, deni, safari, mapenzi yaliyovunjika. Kwake chombo dhaifu kilitosha, kwa maana nusu ya wimbo ilikuwa imo moyoni mwake kabla sindano haijagusa sahani.

Hata asiyejua maneno aliweza kutekwa. Mfano wake uko karibu nasi. Jimmie Rodgers, mzungu wa Mississippi aliyejifunza mengi katika bluzi ya watu weusi, alifariki mwaka 1933 pasipo kuiona Afrika. Santuri zake zilifika kwa Wakipsigis wa Kenya, zikapigwa kwa gramafoni, na jina lake likageuka kuwa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey alinasa nyimbo za Wakipsigis zilizomtaja huyo Chemirocha. Jina liliharibika njiani, maneno hayakueleweka, na hata hivyo watu walisikia kitu kilichowafanya watunge nyimbo zao wenyewe. Anenaye kwamba hapana raha pasipo chombo bora na aujibu ushahidi huo.

Basi je, chombo si kitu? Hapa yatupasa kwenda polepole, kwa maana liko kosa la upande wa pili. Son House alipatikana tena mwaka 1964 katika mji wa Rochester, na mwaka 1965 kampuni ya Columbia ikamnasa kwa vyombo bora vya wakati huo. Aliurudia wimbo wa mahubiri ya bluzi ambao mwaka 1930 ulilazimika kukatwa vipande viwili, upande mmoja wa sahani na upande wa pili. Sasa kila uzi wa gitaa wasikika. Hata hivyo wako wasikilizaji waipendao zaidi santuri ya 1930. Wakisema kwamba sauti ya kijana ilikuwa na moto kuliko ya mzee, wana haki. Lakini wakisema kwamba mvumo wenyewe ndio ukweli wa bluzi, kwamba sauti ikisafishwa roho hutoka, hao wamefuata ile mithali isemayo mpenda chongo huita kengeza. Wameuchukua ubahili wa kiwanda wakaufanya sifa ya mwimbaji.

Kuna ukwaruzi ulio mali ya msanii. Muddy Waters alinaswa na Alan Lomax mwaka 1941 katika shamba la Stovall, Mississippi, naye alieleza baadaye kwamba kujisikia katika sahani kulimpa imani ya kuwa aweza kazi hiyo. Mwaka 1943 alihamia Chicago, ambako makelele ya vilabu yalidai gitaa la umeme. Huko Little Walter alikishika kinanda cha mdomo pamoja na mikrofoni katika viganja vyake, akaisukuma mashine mpaka sauti ikapasuka, na mwaka 1952 wimbo wake wa “Juke” ukashinda sokoni. Mpasuko ule aliutaka mwenyewe. Chombo kibovu huuficha uteuzi wa namna hiyo, kwa sababu hukwaruza kila kitu sawasawa, kilichokusudiwa na kisichokusudiwa.

Na liko jambo kubwa kuliko raha. Mwaka 1928 Mississippi John Hurt aliimbia kampuni ya Okeh nyimbo kadhaa, na katika mmoja alikitaja kijiji chake, Avalon. Miaka 35 ikapita. Mwaka 1963 Tom Hoskins alilisikia jina hilo katika wimbo, akaenda Avalon, akamkuta mzee yu hai, angali akifanya kazi za shamba. Hurt aliimba mbele ya maelfu mwaka huo huo, akaishi katika heshima mpaka alipofariki mwaka 1966. Neno moja lililosikika vema lilimrudisha mtu katika dunia. Maneno ya Charley Patton, kinyume chake, wataalamu wangali wakiyabishania, maana mengine yamezama katika mvumo, na mwenyewe alifariki mwaka 1934. Hayupo wa kumwuliza.

Basi jibu langu ni hili. Chombo hakiwezi kumpa mtu upendo wa wimbo, wala umaskini wa chombo hauwezi kumnyima. Mkulima wa Mississippi na Mkipsigis wametuthibitishia hayo. Lakini aliyekwisha kupenda ana deni. Mwimbaji alitoa pumzi yake yote mbele ya mashine ya mtu mwingine, akalipwa kidogo, na mashine ikapokea sehemu tu. Kutafuta sahani iliyo safi, sindano ifaayo na chombo kisemacho kweli si anasa ya tajiri. Ni namna ya kumwacha msemaji amalize maneno yake. Raha ni ya msikilizaji, naye aweza kuipata popote. Haki ni ya mwimbaji, nayo hudai chombo chema.