Trauti wa Gura na Mpaka wa Joto

Mto Gura huporomoka kutoka milima ya Aberdare kwa kasi ambayo watu wa Nyeri hawachoki kuisifia. Hujiunga na Chania, maji yao yakaingia Sagana, kisha yote yakawa Tana, mto unaopita Garissa na nchi ya Wapokomo hadi kumwagika katika Bahari ya Hindi. Kabla ya bwawa la Kindaruma kuanza kazi mwaka 1968, samaki aliyetaka kuteremka njia hiyo nzima asingekutana na bwawa kubwa hata moja. Maporomoko yapo, lakini maporomoko humzuia anayepanda, si anayeshuka. Hata hivyo trauti waliotiwa Gura mwaka 1905 walibaki juu. Zaidi ya karne moja imepita, na Garissa bado ni mji wa kambale na perege.

Aliyewaleta ni Ewart Grogan, Mwingereza aliyejipatia jina kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Kairo, aliyoimaliza mwaka 1900. Walowezi walikuwa wameziona nyanda za juu za Kenya, baridi yake ya asubuhi na vijito vyake vyeupe juu ya mawe, wakakumbuka Scotland. Walichokikosa ni samaki wa kumvua kwa fimbo na chambo cha manyoya. Basi yakaagizwa mayai ya trauti wa kahawia, wa ukoo wa ziwa Loch Leven. Na tusisahau huyu Grogan alikuwa mtu wa namna gani: Machi 1907 aliwachapa viboko Wakikuyu watatu, wavuta rikisho, hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, akafungwa kwa kosa hilo kifungo chepesi cha mwezi mmoja. Mayai ya samaki yalitunzwa kwa upole zaidi.

Upole huo ulikuwa na historia yake. Kwa miaka mingi Waingereza walijaribu kuvusha mayai ya samaki wa jamii hii kwenye maji ya tropiki wakashindwa, yalioza njiani. Aliyelifumbua fumbo ni James Youl. Mwaka 1864 meli iitwayo Norfolk ilipakia London masanduku ya mbao yaliyotandikwa kuvumwani iliyoloweshwa maji, mayai yakalazwa katikati yake, na masanduku yakazungukwa na shehena ya barafu. Baada ya karibu miezi mitatu baharini, mayai ya kutosha yalifika Tasmania yakiwa hai, yakaanguliwa kando ya mto Plenty. Siri yake ni saa ya yai lenyewe. Katika maji ya nyuzi 10 yai la trauti wa kahawia huanguliwa kwa takribani wiki sita. Baridi ikishuka hadi karibu nyuzi 2, hukawia miezi kama mitano. Barafu haikuwa ya kuhifadhi tu. Ilikuwa ya kuchelewesha kuzaliwa.

Kwa njia hiyo trauti walisambazwa karibu kila mahali palipopandishwa bendera ya Uingereza na pakawa na kijito cha baridi: New Zealand, Natal, vilima vya Ceylon. Zamu ya Kenya ilipofika, reli ilikuwa imeshafika Ziwa Victoria tangu 1901, kwa hiyo Mombasa hadi nyanda za juu palikuwa safari ya siku chache. Kutoka relini hadi mlimani hapakuwa na chombo kingine ila vichwa na miguu ya wapagazi. Majina yao hayakuandikwa popote ninapopajua, ingawa hatua ile ya mwisho, ya kupanda na mzigo usiotakiwa kupata joto wala kutikiswa, ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Mayai yalianguliwa, samaki wakakua, wakazaa. Mwaka 1910 wakafuata trauti wa upinde wa mvua, samaki wa asili wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, mwenye ukanda mwekundu ubavuni. Hapo ndipo swali lililowashughulisha wavuvi na wataalamu kwa miongo iliyofuata lilipozuka: samaki huyu anaweza kuteremka hadi wapi?

Jibu liko kwenye kipimajoto. Trauti wa kahawia hukua vizuri zaidi maji yakiwa karibu na nyuzi 13 za Selsiasi. Yakizidi 19, hupoteza hamu ya kula. Akikaa takribani wiki nzima katika nyuzi 25, hufa. Yule wa upinde wa mvua humpita kidogo tu kwa uvumilivu. Perege, kwa upande wake, huanza kufurahia maisha pale pale trauti anapokata roho. Na joto halimjii trauti peke yake: maji ya nyuzi 10 yanaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 25 hubeba 8 tu, na hizo ni hesabu za usawa wa bahari. Mlimani, penye hewa nyepesi, hesabu hupungua zaidi. Samaki mwenye joto mwili wake hudai oksijeni nyingi kuliko wa baridi, kwa hiyo anabanwa pande mbili kwa wakati mmoja.

Mayai ni dhaifu kuliko wazazi. Jike huchimba changarawe kwa mkia, akilala ubavu na kupiga piga chini hadi shimo lipatikane, hutaga, kisha huyafukia kwa kuchimba juu kidogo ya hapo ili mkondo ulete kokoto. Mayai yale hayawezi kukimbia. Yakipata joto la nyuzi 15 na zaidi hufa mengi, na yakifunikwa na tope hukosa pumzi. Ndiyo maana katika mito mingi ya Kenya kuna kipande cha chini ambako trauti mzima anaweza kuonekana akiogelea, mnene hata, lakini asiweze kuzaa. Mtu akimwona hapo hudhani mto ni wa trauti. Ukweli ni kwamba samaki yule ametoka juu, au ametoka kwenye ndoo.

Kule alikotoka babu yake mpaka huu wa joto husogea. Scotland ni baridi hadi baharini, na trauti wengine huteremka, hukaa chumvini, kisha hurudi kutaga. Visiwa vya Kerguelen, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, vilitiwa trauti na Wafaransa kuanzia miaka ya 1950, na samaki wenyewe wakazunguka kwa njia ya bahari na kuteka mto mmoja baada ya mwingine bila msaada. Ikweta haina ukarimu huo. Hakuna majira ya baridi kali ya kufungua njia ya chini. Mto wa Kenya hupoa usiku na kupata joto alasiri, lakini mwaka mzima mstari wa joto hukaa karibu mahali pale pale. Mafuriko yanaweza kumsukuma trauti chini ya mstari huo; kuishi huko na kujenga kizazi ni jambo jingine.

Matokeo yake ni kwamba kila mto wa mlimani umekuwa kisiwa. Tazama ramani: Thego na Ragati, upande wa kusini wa Mlima Kenya, huenda Tana kama Gura. Lakini Naro Moru, Burguret na Nanyuki, upande wa magharibi, humwaga maji yao Ewaso Ng'iro, unaoelekea nchi kavu ya Archers Post na kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Mabonde haya mawili hayakutani popote. Trauti hakuweza kuogelea kutoka Gura hadi Nanyuki, alibebwa. Hata maziwa madogo ya Mlima Kenya kama Rutundu, ambako mwana wa mfalme wa Uingereza, William, alikwenda na mchumba wake Oktoba 2010, samaki wake walipandikizwa na watu. Tunaposema trauti "ameenea" Kenya, tunasimulia kazi ya mikono.

Mikono hiyo ilipata makao rasmi mwaka 1948, kituo cha kuzalisha vifaranga kilipoanzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Miaka minne baadaye V. D. van Someren alichapisha kitabu chake kuhusu biolojia ya trauti katika Koloni ya Kenya. Ulikuwa mwaka mbaya wa kuandika habari za samaki: hali ya hatari ilitangazwa Oktoba ya mwaka huo huo, na mwaka 1953 misitu ya Aberdare na Mlima Kenya ikatangazwa eneo la marufuku. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wakijificha kando ya vijito vile vile.

Je, trauti hana ujanja wowote mbele ya joto? Anao. Hutafuta chemchemi inayotokeza chini ya mto, kivuli cha ukingo, au mdomo wa kijito baridi, akakaa hapo mchana kutwa. Mfano maarufu ni mto Firehole katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, unaopashwa joto na maji ya volkano. Kiangazi trauti wake husongamana kwenye midomo ya vijito vya baridi, na wale wa upinde wa mvua wamehamisha majira ya kuzaa kutoka masika ya huko hadi vuli na kipupwe. Lakini ujanja huo hutegemea kijito baridi kuwepo. Na samaki aliyekulia bwawani, akilishwa kwa saa, mara nyingi huwa mzito wa kujifunza mambo hayo. Huliwa, hunaswa au hufa upesi kuliko ndugu yake aliyezaliwa changarawani.

Hapo ndipo penye utata wa leo. Mito ya magharibi ya Mlima Kenya huchotwa maji mengi kwa mashamba ya maua na mboga, na kiangazi hubaki nyembamba, nyepesi kupata joto. Msitu wa kingo ukifyekwa, jua hufika majini na udongo wa shamba hufuata mvua. Mpaka wa chini unapanda. Juu nako kuna kikomo, kwa kuwa kijito cha juu mlimani hupungua hadi kuwa mfereji usiotosha samaki wa kuridhisha mtu yeyote. Kumwaga vifaranga sehemu za chini ni kununua msimu mmoja wa uvuvi, na kama hilo ndilo linalotakiwa, lisemwe wazi kabla ya fedha kutoka. Kwangu mimi fedha hiyo ingefaa zaidi kwa miche ya kingo na kwa kuhesabu mabomba yanayonyonya mto mwezi wa Februari, na wa kwanza kufaidika wangekuwa watu wa Laikipia na Isiolo wanaosubiri maji hayo hayo chini.