Sumu Iliyosafiri kwa Meli: Koko, Bamako na Abidjan

Biashara ya kupeleka taka za sumu Afrika ilizaliwa na sheria nzuri. Hadi katikati ya miaka ya 1970, viwanda vingi vya Ulaya na Marekani vilifukia au kumwaga mabaki ya kemikali jirani na mahali vilipo, kwa gharama ndogo. Julai 1976 kiwanda cha kemikali karibu na Seveso, kaskazini mwa Italia, kilitoa wingu la dioksini lililoua wanyama na kuwahamisha watu. Miaka miwili baadaye, wakazi wa Love Canal, katika mji wa Niagara Falls nchini Marekani, walitambua kuwa shule na nyumba zao zilikuwa juu au kandokando ya karibu tani 20,000 za kemikali zilizofukiwa na kiwanda kabla ya mwaka 1953. Sheria kali zikafuata. Mwenye kiwanda akatakiwa kujua taka zake ziko wapi, tangu zinapotoka mlangoni kwake hadi zinapoteketezwa.

Hata Ulaya kwenyewe agizo hilo lilichelewa kushika. Mwaka 1982 mapipa 41 ya mabaki ya Seveso yalivuka mpaka wa Italia na kutoweka. Yalipatikana mwaka uliofuata katika machinjio yaliyoachwa ya kijiji kimoja cha Ufaransa. Ikiwa nchi zenye maofisa wengi na maabara nyingi zilipoteza sumu inayojulikana duniani kote, bandari ndogo isiyo na mkemia hata mmoja ilikuwa na kinga gani?

Bei ndiyo iliyoisukuma biashara hii. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kuteketeza tani moja ya taka hatarishi katika nchi tajiri kuliweza kugharimu mamia ya dola. Mawakala wakaanza kuzunguka Afrika Magharibi na mikataba ya bei ya kutupa. Guinea-Bissau iliahidiwa dola 40 kwa tani, jumla ya dola milioni 600 kwa miaka 5, fedha zilizopita kwa mbali pato lake lote la mwaka. Serikali iliyolemewa na madeni ilihitaji ujasiri kukataa, na Guinea-Bissau, baada ya kelele za ndani na nje, ilikataa.

Penye mlango uliofungwa, karatasi za uongo zilitumika. Mwaka 1988 kiasi cha tani 15,000 za majivu ya tanuri la taka la Philadelphia zilishushwa katika kisiwa cha Kassa, nje ya Conakry, Guinea, kwa jina la malighafi ya matofali. Wageni waliotembelea kisiwa hicho waliona miti ikinyauka. Majivu mengine ya Philadelphia yalikuwa ndani ya meli Khian Sea, iliyoondoka mwaka 1986 na kufukuzwa bandari baada ya bandari. Sehemu ya mzigo huo iliachwa ufukweni Gonaïves, Haiti, ikiitwa mbolea. Sehemu iliyobaki ilimwagwa baharini, katika Atlantiki na Bahari ya Hindi.

Lakini kisa kilichoiamsha Afrika ni cha Koko, bandari ndogo ya mtoni katika delta ya Niger, nchini Nigeria. Kuanzia mwaka 1987, wafanyabiashara wa Kiitalia waliingiza huko karibu tani 4,000 za taka kwa safari tano. Nyaraka za forodha zilitaja bidhaa za kawaida za ujenzi na kemikali zisizo na madhara. Maelfu ya mapipa yalipangwa katika kiwanja cha mkazi mmoja aliyelipwa kiasi cha dola 100 kwa mwezi, na mwenye kiwanja hakuambiwa kilichomo. Jua liliyavimbisha mapipa, mengine yakapasuka na kuvuja. Ndani mlikuwa na mabaki ya viwanda vya Ulaya, yakiwamo mafuta ya PCB, ambayo hayaozi kwa urahisi na hujikusanya katika mafuta ya mwili wa kiumbe. Baadhi ya watu walimwaga yaliyomo na kuyafanya mapipa vyombo vya kuhifadhia maji.

Siri hiyo haikufichuliwa na mkaguzi wa bandari. Ilifichuliwa na wanafunzi wa Kinigeria waliokuwa wakisoma Italia, waliopata habari huko na kuzipeleka kwa magazeti ya nyumbani Juni 1988. Siku chache kabla ya hapo, mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, waliokutana Addis Ababa, walikuwa wametamka kwamba kutupa taka za nyuklia na za viwanda Afrika ni jinai dhidi ya bara na watu wake. Nigeria ilikuwa mstari wa mbele katika kauli hiyo, nayo ilikuwa na sumu katika ardhi yake bila kujua.

Serikali ya Nigeria ilimwita balozi wake kutoka Roma, ikazuia meli ya Kiitalia na kuwatia watu mbaroni. Italia ikalazimika kuyachukua mapipa. Kazi ya kuyapakia iliwaumiza vibarua kadhaa, wakaungua ngozi kwa kemikali. Meli Karin B iliyobeba sehemu ya shehena hiyo ilikataliwa na Hispania, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani Magharibi na Uholanzi, mpaka mwishowe ikapokelewa Livorno, Italia. Taka zilizodaiwa kuwa salama kwa watu wa Koko hazikupata gati hata moja nje ya Italia, hata katika nchi zenye mitambo ya kuziteketeza. Kabla ya mwaka kwisha, Nigeria ilitunga sheria ya kifungo cha maisha kwa anayeingiza taka za sumu, ikaunda na mamlaka ya shirikisho ya mazingira.

Mazungumzo ya kimataifa kuhusu biashara hiyo yaliongozwa na Mostafa Tolba, Mmisri aliyekuwa mkuu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lenye makao Nairobi. Mkataba ulipitishwa Basel, Uswisi, tarehe 22 Machi 1989. Afrika ilitaka marufuku kamili. Ilichopata ni utaratibu wa ruhusa: nchi inayotuma taka iiarifu kwa maandishi nchi inayopokea, na mzigo usiondoke kabla ya jibu. Udhaifu wake ni dhahiri, kwa kuwa ruhusa huweza kununuliwa, na penye njaa huwa rahisi.

Kwa hiyo Afrika iliandika mkataba wake Bamako, Mali, tarehe 30 Januari 1991. Mkataba wa Bamako unakataza kuingiza barani taka hatarishi za aina yoyote kutoka nje, zikiwamo za mionzi. Unahesabu pia kuwa taka kemikali zilizopigwa marufuku zilikotengenezwa. Tanzania ni mwanachama wa mikataba yote miwili.

Kifungu hicho cha kemikali kilikuwa na sababu. Katika miaka ya 1980, shamba la Vikuge, mkoani Pwani, lilipokea msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, vingine vikiwa vimeshapitwa na wakati. Banda la kuhifadhia likaanguka. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2004, baada ya mabaki yanayoonekana kuondolewa, walikuta udongo wa juu ukiwa na DDT hadi asilimia 28. Udongo wenyewe ulikuwa umegeuka taka hatarishi, na maji ya kisima yalikuwa na sumu.

Mkataba wa Bamako ulianza kutumika mwaka 1998, lakini wanachama wake walikutana rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 2013. Ndani ya pengo hilo kilitokea kisa cha Abidjan, Côte d'Ivoire. Mwaka 2006 meli Probo Koala, iliyokodiwa na kampuni ya Trafigura, ilikuwa na zaidi ya mita za ujazo 500 za mabaki yaliyotokana na kusafisha petroli ghafi kwa magadi makali. Amsterdam, ilikopita kwanza, iliutambua mzigo huo kwa harufu yake, na bei ya kuushughulikia ikapanda zaidi ya mara 20. Meli ikaurudisha ndani na kuondoka. Huko Abidjan, kampuni iliyopata leseni wiki chache tu kabla iliupokea kwa kiasi cha dola 35 kwa mita ya ujazo, na usiku wa tarehe 19 Agosti malori yakaanza kuumwaga majalalani na kandokando ya mitaa. Zaidi ya watu 100,000 walitafuta matibabu, na serikali ikatangaza vifo zaidi ya 10. Trafigura ilikana kwamba mabaki hayo yangeweza kuua, ikalipa serikali karibu dola milioni 200 bila kukiri kosa. Côte d'Ivoire ilikuwa imeridhia mikataba yote miwili, lakini bandari yake ilikosa mtambo wa kusafisha taka hizo na mtu mwenye amri ya kuzuia malori.

Marufuku ambayo Afrika iliidai Basel mwaka 1989, ya nchi tajiri kutuma taka hatarishi kwa nchi maskini, ilipitishwa kama rekebisho la Mkataba wa Basel mwaka 1995 na kuanza kutumika tarehe 5 Desemba 2019. Tangu tarehe 1 Januari 2025, taka zote za kielektroniki zinazovuka mipaka zinahitaji kibali cha maandishi chini ya mkataba huohuo. Vifaa vinavyotangazwa kuwa ni mitumba ya kutumika tena bado hubishaniwa bandarini, kontena kwa kontena.