Marehemu Anaposema "Mimi"

Kati ya 1948 na 1951, mwanaanthropolojia Mwingereza Ian Cunnison aliishi kwenye bonde la Luapula, mto unaotenganisha Kongo na Zambia, akikusanya historia kutoka vinywani mwa wazee. Alichokiandika kimewashughulisha wasomi hadi leo. Mzee aliyeulizwa habari za ukoo wake hakuanza na "babu yetu wa zamani". Alianza na "mimi". Mimi niliondoka magharibi, mimi nilivuka mto, mimi nilipigana na wenye nchi, mimi nilipewa ardhi hii. Mambo aliyokuwa akiyasimulia yalikuwa yametokea muda mrefu kabla ya yeye kuzaliwa.

Hakuwa mwongo wala mwigizaji. Alikuwa amepyana.

Kupyana ni kurithi, ila si kama tunavyorithi shamba au baiskeli. Kwa Walunda wa Kazembe, Wabemba na jirani zao wengi, mtu akifa jina lake haliachwi ardhini. Ndugu hukaa, huchagua mmoja wao, na huyo huvishwa umarehemu wote: jina, cheo, undugu, madeni, hata wajane. Kwa Wabemba, mwanamume alirithi upinde wa aliyemtangulia. Mwanamke alirithi mshipi wa kiunoni. Kuanzia siku hiyo jamaa walimwamkia kwa heshima ya aliyezikwa. Kijana aliyempyana babu yake aliitwa babu na watu wenye mvi, naye aliwaitikia kama wajukuu. Mwili ulikuwa wake, lakini ndani yake waliishi wawili: yeye aliyezaliwa na mama yake, na yule aliyevuka mto.

Ukingo wa magharibi wa Luapula leo ni sehemu ya mkoa wa Haut-Katanga nchini Kongo. Kutoka Lubumbashi hadi Kasenga, mji wa samaki kando ya mto huo, ni takribani kilomita 200, na samaki wa Kasenga wameilisha Lubumbashi tangu enzi za ukoloni. Watu walikuja na samaki wao, na walikuja na desturi zao. Ndiyo maana historia ya kupyana ni historia ya jiji hili pia, ingawa vitabu vingi vya Lubumbashi huanza na shaba na kuishia na shaba.

Ni kosa kuichukulia desturi hii kuwa imani ya majumbani tu. Dola ziliendeshwa nayo. Walunda walipotoka kwa Mwant Yav, mfalme wao mkuu, na kuelekea mashariki katika karne ya 18 wakitafuta chumvi na shaba, waliacha kati ya miji yao nchi kubwa ambayo jeshi lisingeweza kuilinda mwaka mzima. Kilichowaunganisha ni undugu usiokufa. Kama Kazembe wa kwanza, mtawala wa Walunda hao wa mashariki, alihesabiwa mwana wa Mwant Yav, basi kila Kazembe aliyemfuata alikuwa mwana wa kila Mwant Yav aliyekalia kiti, hata kama kwa damu walikuwa wageni kabisa, hata kama "baba" alikuwa kijana na "mwana" ana vilembwe. Vyeo vilikuwa na wajomba, kaka na binamu zake. Watu waliingia na kutoka ndani ya vyeo hivyo, na undugu ukabaki pale pale. Mwanahistoria Jan Vansina, katika kitabu chake cha 1966 kuhusu falme za savana, aliona hapa siri mojawapo ya upana wa dola ya Walunda: mgeni aliyetekwa aliweza kupewa nafasi katika ukoo bila kuzaliwa upya.

Mreno Francisco de Lacerda alifika kwa Kazembe mwaka 1798 na kufia huko. David Livingstone alifika Novemba 1867 na kumkuta Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara wa kutoka upande wa pwani, ambaye Kazembe alikuwa amemzuia nchini kwa miaka mingi. Katika hesabu za Ulaya hao walipokewa na wafalme wawili tofauti. Katika hesabu ya Luapula aliyewapokea ni Kazembe, na Kazembe aliyekaa kitini miaka ya 1940 angeweza kusema bila aibu kwamba ni yeye. Kazembe wa XIV, Chinyanta Nankula, alishirikiana na padre Edouard Labrecque kuiandika historia ya watu wake kwa Kibemba. Kitabu kilichapwa mwaka 1951 kwa jina la *Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi*, yaani wahenga wangu na watu wangu. Hata jaladani, anayesema ni mimi.

Kaskazini zaidi, kwa Waluba wa Katanga, jambo hili lilifika mahali pa ajabu zaidi. Huko mfalme aliyekufa alirudi katika mwili wa mwanamke.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mfalme wa Waluba alipofariki, mji wake haukurithiwa na mwanawe. Mfalme mpya alilazimika kujenga makao mapya mahali pengine. Mji wa marehemu uligeuka kuwa kitenta, makao ya roho yake, na mwanamke aliyepandwa na roho hiyo akawa Mwadi. Alikalia makao yale, akarithi alama za ufalme, watumishi wenye vyeo, hata wake wa marehemu. Alitunza masalia yake. Mfalme aliye hai alimpelekea zawadi na kusikiliza maneno yake, kwa sababu maneno hayo hayakuwa ya mwanamke fulani wa kijiji fulani. Yalikuwa ya baba yake, au ya babu yake.

Tutulie kidogo hapa, maana mara nyingi watu hupita haraka. Wafalme walikuwa wengi, na kila mmoja aliacha kitenta. Kwa hiyo nchi ya Waluba ilikuwa na mfalme mmoja wa kiume aliyetawala na, wakati huohuo, wanawake kadhaa waliokuwa wafalme wa jana. Kalenda ya dola iliandikwa juu ya ardhi: aliyetembea kutoka kitenta hadi kitenta alikuwa anatembea kutoka enzi hadi enzi. Na mtawala aliyetaka kuvunja miiko alijua kuna mahali ambapo sauti kubwa kuliko yake ingeweza kumkemea. Mimi naona hii ni katiba. Haikuandikwa kwenye karatasi, lakini ilikuwa na makao, walinzi na sauti, na haikuwezekana kuichoma moto.

Wachongaji wa Kiluba walilijua hilo. Anayetazama vigoda, fimbo na mikuki ya wafalme wa Waluba katika majumba ya makumbusho hukuta wanawake: mwanamke anayebeba kiti kichwani, mwanamke aliyeweka mikono juu ya matiti. Kwa miaka mingi Wazungu waliwaona kama watumwa au wake. Watafiti Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, waliofanya kazi kwa muda mrefu kusini-mashariki mwa Kongo, walipeleka swali kwa Waluba wenyewe, na jibu likaugeuza mtazamo huo: mwili wa mwanamke ndio wenye nguvu ya kuhifadhi roho nzito kama ya mfalme. Sanamu ile yaweza kuwa mfalme mwenyewe.

Roberts hao walifungua maonyesho yao ya sanaa na kumbukumbu za Waluba mjini New York mwaka 1996. Mwaka uo huo huko Japani, mchoraji Kazuki Takahashi alianza kuchapisha *Yu-Gi-Oh!*, hadithi ya katuni iliyokuja kupendwa na vijana duniani kote. Yugi, mwanafunzi mpole, anaunganisha vipande vya fumbo la dhahabu kutoka Misri ya kale, na tangu hapo mwili wake unakuwa wa wawili: yeye, na firauni aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita.

Hadithi ni nzuri, na tofauti yake na Katanga inafundisha. Firauni wa Takahashi amesahau jina lake, na safari yote ni ya kulitafuta. Kwa Waluba hilo lingekuwa balaa lisilofikirika, kwa sababu kazi ya marehemu anayerudi ni kukumbuka. Kulikuwa na chama kizima, Mbudye, kilichowafunza watu kuhifadhi historia kwa msaada wa lukasa, kibao cha mbao kinachoenea mkononi, kilichopachikwa shanga na vipande vya chuma. Mjuzi aliipitisha ncha ya kidole juu ya shanga na kutaja wafalme, njia, makao na miiko. Tena roho ya firauni ni siri ya Yugi na rafiki zake wachache, lakini Mwadi alijulikana na nchi nzima, na nchi nzima ililipa gharama za kumweka.

Ukoloni ulipofika, uligongana na desturi hii ya kurithi jina na cheo bila kuielewa. Tarehe 20 Desemba 1891, huko Bunkeya, ambako leo ni mkoa wa Lualaba, kapteni Omer Bodson wa msafara wa William Stairs, msafara uliobebewa mizigo na wapagazi kutoka Zanzibar, alimpiga risasi M'siri, mfalme wa Wayeke. Bodson naye aliuawa katika mapambano hayo hayo. M'siri alikuwa mtoto wa msafara mwingine: Ngelengwa, Msumbwa kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania, aliyeingia Katanga katikati ya karne ya 19 na kushika biashara ya shaba na pembe. Wazungu walidhani wamemmaliza. Mwanawe Mukanda Bantu akakaa kitini, na baada yake wengine, na jina la M'siri bado linabebwa na ukoo wa watawala wa Bunkeya. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga mwaka 1960, alilibeba tangu 1976 alipokuwa Mwami, yaani mfalme, hadi kifo chake mwaka 1992.

Wazungu wenyewe hawakuiepuka desturi hiyo. Mpelelezi Henry Morton Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, alipokuwa akipasua njia kando ya Kongo ya chini kuanzia 1879. Alipoondoka, jina halikuondoka naye. Lilimfuata kila ofisa, kisha likawa jina la serikali yenyewe, kodi na viboko vyake pamoja. Naamini watu wa Kongo waliwasoma Wabelgiji kwa kanuni waliyoijua: kiti kimoja, miili mingi.

Lubumbashi ilizaliwa katikati ya mgongano huo. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mji ukaitwa Élisabethville, na Union Minière ikakusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Rwanda. Humohumo mjini, mwaka 1945, padre Placide Tempels alichapisha *La philosophie bantoue*, kitabu kilichomkasirisha askofu wa mji huo, Jean-Félix de Hemptinne. Tempels alikuwa ameishi na Waluba tangu miaka ya 1930, na alieleza jambo ambalo wengi huliruka: watu walisema mtoto fulani ni babu aliyerudi, lakini babu huyohuyo waliendelea kumtaja miongoni mwa wafu, na aliweza kurudi kwa watoto zaidi ya mmoja. Hivyo haikuwa roho inayohama kutoka mwili hadi mwili kama mpangaji. Mtoto alibeba uhai na jina la babu, na babu akabaki babu. Hadi leo si ajabu katika nyumba za Lubumbashi kumsikia baba mzima akimwita mwanawe mdogo "papa", kwa kuwa mtoto ana jina la babu yake.

Kilichouma mjini ni mali. Makabila mengi ya Luapula hufuata ukoo wa mama, na mpyani wa kawaida alikuwa mpwa. Kijijini, mpwa aliyechukua jina la mjomba alichukua pia wajibu wa kuwalisha watoto wake. Waliokuwa na baba waliendelea kuwa na baba. Katika kambi za mgodi, mshahara ulikufa na mfanyakazi. Mpwa aliweza kuja, akabeba kitanda, redio na cherehani, akaondoka, na mjane akabaki na watoto mlangoni pa nyumba ya kampuni. Sehemu nzito ya desturi, ile ya kulea, ilianguka njiani.

Kanuni ya familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, iliingia hapo. Watoto wa marehemu ni warithi wa kwanza na hupata robo tatu za urithi; mjane au mgane hulindiwa haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi. Sheria hiyo ni ya haki, na wajane waliofukuzwa wanajua kwa nini ilihitajika, ingawa kuipata mahakamani ni vita vingine. Lakini sheria inagawa vitu, na haisemi lolote juu ya cheo cha aliyevuka mto. Kwa hiyo ukoo unaweza kukaa vikao viwili: kimoja cha nyumba na hati zake, ambamo watoto ndio wenye neno, na kingine cha jina, ambamo wajomba na wapwa huchagua nani atakayeitwa kwa jina la marehemu.

Kikao cha pili hakiandikwi popote. Tangu 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioongozwa na wanahistoria kama Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, umekusanya kumbukumbu za wafanyakazi na familia zao, na umeokoa mengi. Kazi ya namna hiyo inastahili kufanywa pia kwa wapyani wa jijini, maana bado wapo wanaobeba jina la mtu aliyekufa kabla ya reli, na wanaojua kwa mpangilio nani alilibeba kabla yao. Waulizwe wakiwa hai, na msaili akisikia "mimi nilivuka Luapula", aandike hivyo hivyo.