FIPS 203
FIPS 203 ni kiwango cha kiufundi cha Marekani kuhusu usimbaji fiche unaokusudiwa kuhimili mashambulizi ya kompyuta za kwanta. Kilitolewa na Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia (NIST) tarehe 13 Agosti 2024. Kinaeleza algoriti ya ML-KEM, iliyotokana na Kyber. Algoriti hiyo huwezesha pande mbili, kwa mfano simu iliyoko Kilosa na nyingine iliyoko Mikumi, kupata ufunguo mmoja wa siri kupitia mtandao ulio wazi.

Rasimu ilitolewa tarehe 24 Agosti 2023 ili umma uitolee maoni. Ndani yake, namba mbili, i na j, zinazotumika kuzalisha matriki, yaani jedwali la namba, zilikuwa zimebadilishana nafasi zikilinganishwa na Kyber. Programu moja ikifuata rasimu na nyingine Kyber, matriki zao hutofautiana na funguo hazilingani.

Toleo la mwisho lilirudisha mpangilio wa Kyber. Pia liliongeza hatua inayozuia funguo za ngazi moja ya usalama kutumika kimakosa katika ngazi nyingine. Kwa hiyo programu zilizofuata rasimu zilihitaji kurekebishwa.