Mizani ya Serikali katika Ukanda wa Almasi na Dhahabu, Mwadui hadi Geita

Kata ya Songwa, katika Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, iko jirani na Mwadui, ambako mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Thoburn Williamson, aligundua kimbaliti, yaani mwamba wa volkano unaopandisha almasi kutoka kina kirefu cha ardhi, wenye ukubwa wa hekta 146 juu ya uso wa nchi. Tangu wakati huo eneo hili, pamoja na ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita, limekuwa mahali ambapo serikali moja baada ya nyingine imejaribu kupima utajiri wa nchi na matokeo ya sera zake. Vipimo hivyo, hata hivyo, vimeonyesha zaidi kile kilichopita mbele ya afisa wa serikali kuliko kile kilichotoka ardhini, na asiyeizingatia tofauti hiyo husifu au hulaumu sera kwa jambo ambalo haikulifanya.

Makadirio ya mapema ya pato la taifa la Tanganyika, yaani jumla ya thamani ya vitu na huduma zinazozalishwa kwa mwaka, yalifanywa na wachumi Alan Peacock na Douglas Dosser, ambao kitabu chao kuhusu miaka ya 1952 hadi 1954 kilichapishwa mwaka 1958. Katika kazi ya namna hiyo almasi ya Mwadui ilikuwa rahisi kuhesabu, kwa kuwa ilitoka ndani ya uzio mmoja, chini ya mwajiri mmoja, ikasafirishwa kwa hati. Ng'ombe na mtama wa Wasukuma waliouzunguka uzio huo havikuwa na hati, na thamani yake haikuweza kupatikana ila kwa kukisia. Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo mgodi ukanunuliwa nusu kwa nusu na kampuni ya De Beers na serikali ya kikoloni, hivyo serikali ikawa mmiliki, mtoza kodi na mhesabuji kwa wakati mmoja. Mgodi ulitaifishwa wote katika miaka ya 1970, lakini mitambo ilichakaa na fedha za kigeni za kuinunulia vipuri zikakosekana, hata De Beers ikarejea mwaka 1994 ikiwa na asilimia 75 ya hisa.

Kwa upande wa dhahabu, mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya dhahabu ya wachimbaji wadogo haikuonekana vitabuni kabisa. Sababu yake haikuwa uhaba wa dhahabu. Mnunuzi halali alilipa kwa kiwango rasmi cha kubadilisha fedha, ambacho kilikuwa chini mno ya kiwango cha mitaani, na mlanguzi alilipa zaidi. T. L. Maliyamkono na Mboya Bagachwa, katika kitabu chao cha mwaka 1990, waliuita ulimwengu huo uchumi wa pili, yaani shughuli zisizoandikwa wala kutozwa kodi. Serikali ilipoanza mwaka 1990 kununua dhahabu kupitia benki kwa bei iliyokaribia ile ya mitaani, mauzo yaliyoandikwa yalipanda ghafla, na ununuzi huo ulipokoma yakaporomoka, ingawa maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya Geita na Kahama yalikuwa bado yamejaa watu.

Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliweka mrabaha, yaani malipo anayopewa mwenye rasilimali kwa kila kinachochimbwa, kuwa asilimia 3 kwa dhahabu na 5 kwa almasi, na ndipo migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ikafunguliwa mwaka 2000 na 2001. Hapo swali likahama kutoka uzito kwenda thamani. Mwaka 2017 serikali ilizuia makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga uliosafishwa kidogo wenye dhahabu, shaba na fedha, na kampuni ya uchimbaji ya Acacia ikadaiwa kodi, riba na adhabu za jumla ya dola bilioni 190. Shauri hilo lilimalizika kwa makubaliano ya kulipa dola milioni 300 na kuundwa kwa kampuni ya Twiga, ambamo serikali ina asilimia 16. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili ni kubwa mno kuelezwa kwa upatanishi peke yake. Linaonyesha taifa ambalo kwa karibu miaka 20 halikuwa na kipimo lililichokiamini.

Jambo lililoihusu Mwadui mwaka huohuo linafundisha zaidi. Shehena ya karati 71,654 ilikamatwa Dar es Salaam mwezi Septemba kwa madai kwamba thamani yake ilishushwa, na kampuni ya Petra, iliyokuwa imenunua hisa za De Beers mwaka 2009, ikajibu kwamba thamani ya awali hukadiriwa na wathamini wa serikali wenyewe. Almasi haina bei moja ya dunia kama dhahabu. Kila jiwe huangaliwa rangi, umbo na dosari zake, na wathamini wawili waaminifu wanaweza kuhitilafiana. Makubaliano ya Desemba 2021 yaliongeza hisa za serikali mgodini hadi asilimia 37, lakini hisa hazimpi mtu jicho la kuthamini jiwe.

Njia ya dhahabu ya mchimbaji mdogo ni ndefu zaidi: mawe hutoka duarani yakiwa ndani ya viroba, husagwa kwenye karasha, huoshwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea, dhahabu yake hunaswa kwa zebaki, na marudio, yaani mchanga uliobaki, huuzwa kwa mwenye mtambo wa kuchenjua upya. Kila hatua ina mgao wake kabla mizani ya serikali haijaguswa. Mapema mwaka 2019 wachimbaji hao walifutiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na mwezi Machi soko la dhahabu la Geita likafunguliwa. Ilikuwa sera nzuri, kwa sababu ilimwezesha muuzaji kuuza mchana bila hasara. Hata hivyo, mchango wa madini katika pato la taifa ulipofika asilimia 10 mwaka 2024, ndani yake ilikuwamo dhahabu ambayo zamani iliuzwa usiku, na pia bei ya dunia iliyopanda, kwa kuwa mgao huo hupimwa kwa bei za mwaka husika.

Kwa hiyo Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Tume ya Madini zichapishe, kwa kila wilaya, uzito kando ya thamani na mchimbaji mdogo kando ya mgodi mkubwa, ili mkazi wa Songwa aweze kuzilinganisha takwimu hizo na ushuru wa huduma ambao halmashauri yake inastahili kulipwa.