Asili ya Waswahili baina ya Nadharia na Imani

Habari za Kilwa, zilizochapishwa kwa Kireno na João de Barros mwaka 1552 na kuhifadhiwa pia katika mswada wa Kiarabu, zasimulia kwamba ukoo wa watawala wake ulitoka Shiraz. Ali bin Hassan, kwa mujibu wa mswada huo, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Wataalamu wengi wa karne ya ishirini waliiweka simulizi hii upande wa imani, wala haikuwatia shaka.

Hata hivyo, yafaa kutazama kile kilichowekwa upande wa sayansi. Carl Meinhof, ambaye kazi yake ya fonolojia ya Kibantu (1899) ingali inaheshimiwa, alitoa mwaka 1912 kitabu juu ya lugha za Wahamiti. Humo Kimasai, Kifulani na Kinama viliwekwa katika jamii moja kwa hoja ambazo ndani yake sarufi, ufugaji na umbo la mwili havikutenganishwa. Kibantu chenyewe kilihesabiwa kuwa zao la mchanganyiko wa Kihamiti na lugha za watu weusi. Ushahidi uliopinga haukuitengua nadharia hiyo, ulimezwa nayo. Joseph Greenberg, katika kitabu chake cha 1963, alilinganisha sauti na maana za maneno peke yake, na jamii ya Kihamiti ikatoweka. Kumbe nayo ilikuwa imani, ila imevaa joho.

Isimu linganishi ilitoa jibu lililo imara zaidi. Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro ni lugha za tawi moja, la Sabaki. *Mulungu* wa Wagiriama ndiye *Muungu* wa tenzi za kale: Kiswahili kilidondosha *l* baina ya irabu, na kwa utaratibu, si kwa bahati. Chini ya *sita*, *saba* na *tisa* za Kiarabu zimelala *tandatu*, *fungate* na *kenda*. Na fungate ingali hai arusini. Kutoka Uajemi zilikuja nomino kama *nahodha* na *bandari*, si sarufi. Nurse na Spear waliyakusanya mambo haya vizuri mwaka 1985.

Ila kutokana na hoja za namna hii wako waliohitimisha kwamba Shiraz ilikuwa uzushi mtupu. Hapo walivuka mpaka, kwani nasaba ya lugha si nasaba ya damu. Mwaka 2023 jarida la *Nature* lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani. Kwa wengi wa watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya urithi ilikuwa ya Kiafrika, hasa kwa upande wa kina mama; upande wa kina baba ulionyesha Uajemi kwa wingi, na mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Watoto, basi, walishika lugha ya mama zao.

Uchunguzi huo haukumthibitisha Ali wala nguo zake. Wala haugusi sababu zilizowafanya watu wajiite Washirazi. Chini ya ukoloni, kuhesabiwa mwenyeji au mgeni kuliamua kodi na mahakama, na wengi wa Mombasa waliitetea asili ya ng'ambo kwa ajili hiyo. Unguja, mwaka 1957, jina lile lile la Shirazi liliingia katika jina la chama cha Waafrika.